Sayansi ya moto chuoni ao kuingia ekipi ya pompiye (zimamoto) kwanza? Ulinganisho kwa mtu wa Lubumbashi

Bombone ya hewa tunayobeba mgongoni kazini ni ya litre 6.8 na inajazwa mpaka bari 300, kwa hiyo ndani kuna kama litre elfu mbili na kidogo za hewa. Kwenye vitabu wanahesabu mtu akiwa kazini anavuta litre 40 kwa dakika, gawanya mwenyewe, dakika 50 hivi. Mwaka juzi tulipokea kijana wa staji, amesoma fire science nje miaka minne, Kingereza kinatoka bila kukwaruza, na ile hesabu aliipiga kwa kichwa kabla mwalimu hajamaliza kuuliza. Tukamvalisha kaske, maski, bote, tukamwingiza kwenye kontena la mazoezi, giza totoro, moshi wa mashine, tuyo imejaa maji na inakataa kupinda. Dakika ya 17 filimbi yake ikalia. Filimbi inalia ukibakiza bari 55, yaani muda wa kutoka tu, hakuna kingine. Akakaa chini nje, jasho linamtoka, akapiga hesabu tena mwenyewe: alikuwa anavuta karibu litre 100 kwa dakika.

Mwenzake wa siku ile alikuwa kijana wa Katuba, ameishia dipolome ya Leta, ile ya kumaliza sekondari, ya mekanike, na alitoka mle ndani bado ana bari 140 na hata hahemi. Lakini ni huyo huyo aliyefika kwenye mlango wa pili akaupiga wazi wote kwa mara moja, hakuugusa kwanza kwa mgongo wa mkono, hakuangalia kama moshi unavutwa kurudi ndani pale chini ya mlango, na shefu akapiga ukelele mpaka walinzi wa getini wakageuka. Yule wa chuo, bado amekaa chini bila maski, akatueleza pole pole: chumba kimefungwa, moto umekula hewa yote, ila moshi umebaki na joto lake pamoja na gazi ambayo haijaungua, sasa wewe ukifungua ghafla unaupelekea hewa, na vyote vinawaka kwa pigo moja. Tulinyamaza wote. Mimi niko na miaka kadhaa kwenye ekipi, nilijua mlango haufunguliwi hivyo, lakini sababu yake sikuwahi kuisikia imesemwa vizuri vile.

Kwa hiyo mtoto wa mama mdogo aliponiandikia juzi usiku, umeme umekatwa, simu yangu iko asilimia 9, “Yaya (kaka mkubwa), niende nisome fire science ao niingie pompiye kwanza?”, sikuweza kumjibu mstari mmoja nikalala. Nimekaa nikaandika hii yote. Nasema upande wangu mapema usimalize mega zako bure: kwa kijana wa hapa ambaye hana bursi na hana mjomba wa kumlipia, naona ekipi kwanza, chuo baadaye. Wako watu wa aina mbili ambao nitawaambia kinyume kabisa, nitawafikia chini.

Kwanza kazi iko wapi

Watu wanalinganisha shule na shule kabla hawajauliza nani atawaajiri. Hapa kwetu kazi ya moto iko na milango mitatu na haifanani.

Kuna pompiye wa mji. Mji umeshapita watu milioni mbili, nyumba za komine ya Kenya na ya Kamalondo zimebanana, umeme unaondoka na ukirudi unarudi na hasira ya kuchoma friji, na barabarani Kadhafi, yule muuza mafuta wa mtaani, anauza esansi kwenye bidoni hatua tatu toka kwa mama anayekaanga mikate. Kazi haikosi. Mshahara ni wa leta, yaani serikali, na mambo ya leta unayajua, sitaki kuyasema hapa. Ila ukitaka kuona moto wa kweli, mara nyingi, na nyuso za watu wenye nyumba, ni huko.

Mlango wa pili ni uwanja wa ndege wa Luano, upande wa RVA, wale wanaosimamia viwanja vya ndege. Kule wanafuata sheria za OACI, shirika la dunia la usafiri wa ndege, na OACI haina utani: gari la pompiye liweze kufika sehemu yoyote ya njia ya kurukia ndani ya dakika 3, na maji na povu unavyotakiwa kuwa navyo vinategemea ukubwa wa ndege zinazotua, wanaita kategoria, toka 1 mpaka 10. Nafasi ni chache, zinafunguka mara moja moja.

Wa tatu ndio mnono, mine, yaani migodi. Viwanda vingi vya shaba na kobalti toka hapa kwenda Likasi, Fungurume mpaka Kolwezi vinatoa shaba kwenye asidi kwa kuipitisha ndani ya mafuta fulani yanayofanana na petroli ya taa. Mafuta hayo yamejaa kwenye mabirika mapana na mabomba ya plastiki, na mafuta yakitembea tu ndani ya bomba yanaweza kuzaa umeme wake mwenyewe, cheche ndogo, basi. Pakishika pale huna moto wa nyumba, una ziwa linawaka. Mgodi wa Olympic Dam kule Australia uliungua sehemu hiyo hiyo mara mbili, 1999 na tena 2001, na ni watu wenye pesa na vifaa. Kisha kuna malori ya asidi barabarani, mwezi wa pili 2019 kule Lualaba lori la asidi liligongana na gari la abiria na zaidi ya watu 15 walikufa. Sosiyete zinajua hayo yote ndiyo maana zina ekipi za urgence, na mimi nakula huko.

Sasa soma matangazo yao ya kazi. Kwa yale ninayoyaona mimi, wanataka dipolome ya Leta, permi ya kamyo, cheti cha sekurisme (huduma ya kwanza), Kingereza cha kuelewana kwenye redio, na mwili unaofanya kazi. Fire science inaandikwa mara chache, na ikiandikwa ni kwa kiti cha shefu ao cha yule anayeandika mipango. Hiyo ndiyo inabeba ulinganisho wote huu: digrii inafungua mlango wa juu wa nyumba, na wewe bado uko nje kwenye parselle.

Na usifikiri ni Kongo tu. Hata Marekani, ambako fire science ilikomaa zaidi kama somo la chuo, vikosi vingi vya mji havikuulizi digrii ili uanze. Wanataka umalize sekondari, uwe na umri wa miaka 18 na zaidi, cheti cha huduma ya dharura ya wagonjwa, na upite mtihani wa mwili. Mmoja unaotumika sana kule unaitwa CPAT: vituo 8 mfululizo, dakika 10 na sekunde 20, umevaa fulana ya uzito wa kilo 22 na kitu, na kwenye ngazi wanakuongezea kilo 11 zingine. Hakuna swali la kuandika mle. Digrii inakuja kuhesabiwa baadaye, kwenye kupanda cheo. Matangazo ya shule hayasemi hili kwa sauti kubwa, na unajua kwa nini.

Chuo kinakupa nini

Sitaki kukidharau, juu mimi mwenyewe kinaniwashia wivu. Marekani kuna digrii ndogo ya miaka 2, krediti kama 60, na ya miaka 4. Oklahoma State University wanafundisha mambo ya moto tangu 1937. University of Maryland walianza 1956 na yao ni uhandisi wa moto kabisa, hesabu nzito, usichanganye na fire science ya kawaida, majina yanafanana ila ni kama kulinganisha fundi umeme wa mtaani na injiniya wa SNEL, sosiyete ya umeme. Vyuo vingi vya fire science vinafuata mpango wa masomo uliosukwa kupitia shule ya taifa ya pompiye iliyoko Emmitsburg, Maryland, na masomo ya msingi ni sita: tabia ya moto na namna vitu vinavyoungua, ujenzi wa majengo, kuzuia moto, mitambo ya kuzimia, misingi ya huduma za dharura, na usalama wa pompiye mwenyewe.

Ukiyaangalia hivyo yanaonekana makavu. Sasa nikuoneshe yanavyoingia Katuba.

Chukua matela ya sponji. Kuna jaribio la UL, maabara ya kupima usalama wa vitu, kule Marekani, walijenga vyumba viwili, kimoja kina viti na vitambaa vya zamani, mbao na pamba, kingine kina vitu vya siku hizi, sponji na plastiki, wakawasha mshumaa kwenye vyote. Cha zamani kilichukua zaidi ya dakika 29 kufika pale ambapo chumba kizima kinashika. Cha kisasa, chini ya dakika 4. Dakika 4! Mtu wa ekipi ambaye hajasoma bado anawaza kwa saa ya baba yake, anafikiri akifika baada ya dakika 10 kuna mtu wa kuokoa kwenye chumba kile. Aliyesoma anajua chumba kile kimeshakwisha, anaenda moja kwa moja kwenye chumba cha pembeni ambacho mlango wake ulikuwa umefungwa.

Ao mafuta ya mikate. Kila mwaka kuna mama anamwagia maji sufuria inayowaka, na nimemshika mkono mmoja, jirani, Kamalondo, alikuwa ameshainua ndoo. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama chini, pale chini joto limepita 300, yanageuka mvuke mara moja, na maji yakigeuka mvuke yanachukua nafasi mara 1,700 hivi ya ile ya mwanzo. Yote hiyo inatokea chini ya mafuta. Kwa hiyo mafuta yanaruka juu yakiwa yanawaka. Mimi nilifunika sufuria kwa sinia, nikazima mbabula, basi. Nilijua cha kufanya juu ya mazoezi, lakini hiyo 1,700 niliipata kwenye kitabu, na tangu niijue nafundisha tofauti, juu mtu ukimwambia “usimwage maji” anasahau, ukimweleza kinachotokea chini ya mafuta hasahau tena.

Na la Sange, hilo sisi Wakongomani hatuhitaji kukumbushwa. Tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 2010, Kivu Kusini, lori la mafuta linapinduka, watu wanakimbia kuchota, moto unawaka, zaidi ya watu 200 wanakufa. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, hauendi juu, unatambaa chini kama maji, unafuata mtaro, unakutana na makala ya mtu nyumba ya tano na moto unarudi nao mpaka kwenye lori. Pompiye yeyote atapiga kelele “rudini nyuma”. Chuo kinakufundisha nyuma ni wapi: upepo unavuma upande gani, bonde liko wapi, meta ngapi kwa mzigo gani, nani unamtoa kwanza. Tofauti hiyo ni watu wanaopona.

Kitu kingine ambacho ekipi peke yake haikupi ni kujitunza. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa, IARC, liliweka kazi ya pompiye kwenye kundi la kwanza, kundi la vitu vinavyojulikana kuleta kansa. Kwetu wazee wa kazi wanajivunia kaske nyeusi kwa masizi, ndiyo medali yao, koti linanuka moshi wanaingia nalo kwenye gari na kulipeleka nyumbani bibi alifue pamoja na nguo za watoto. Waliotoka chuo wanavua nje, wanafunga kwenye mfuko, wanaoga kwanza. Tuliwacheka. Hatuwacheki tena.

Ekipi inakupa nini

Pumzi. Ndiyo, ile ya bombone. Haisomwi, inazoezwa, unavaa maski mara hamsini mpaka moyo unachoka kuogopa. Inakupa kufunga fundo umevaa glove mbili, kuvuta mtu wa kilo 90 kwenye ngazi bila kuvunja mgongo wako, kujua pompi ya kamyo yako inalia vipi kabla haijaharibika. Inakupa mji: hidranti ipi iko na presha ya kweli na ipi ni pambo, njia gani ya Ruashi kamyo haipiti wakati wa mvua. Inakupa kunyamaza kwenye redio. Na inakupa jambo moja ambalo chuoni utalijua umechelewa na umeshalipa: kama kazi hii unaiweza kweli. Nimeona watu wazuri kabisa, wenye nguvu, wakatoka kwenye lile kontena wakasema hapana, sirudi, na si aibu. Bora uyajue kwa wiki moja ya mazoezi kuliko baada ya miaka minne ya kulipa minervali, ada ya chuo.

Ubaya wake? Unajifunza mazuri ya shefu wako na makosa yake pamoja, hakuna anayetenganisha. Na ukikaa miaka kumi bila karatasi, siku kiti cha juu kinafunguka anakuja kukaa mtu aliyekukuta kazini, mdogo kwa umri, ana faili la vyeti, na wewe ndiye utamwonesha choo kiko wapi. Imenipata. Niliumia, halafu nikaanza kusoma.

Pesa, na kosa langu

Kwenda Marekani kusoma, weka kando nauli, kuna ada ya viza dola 185, ada ya mfumo wao wa wanafunzi dola 350, kisha uoneshe benki kwamba mwaka wa kwanza wote umelipika, minervali pamoja na kula na kulala, hapo ni maelfu ya dola, si mamia. Ukimaliza, vikosi vingi vya mji vinataka uwe raia ao uwe na karatasi za kudumu. Ufaransa lugha tunayo lakini konkuru ya pompiye wa kulipwa ni ya raia wa nchi za Umoja wa Ulaya, na pompiye wa Paris ni wanajeshi kabisa, tangu Napoléon alipowaunda 1811 baada ya moto wa dansi kwa balozi wa Austria mwaka mmoja kabla. Kwa hiyo unaweza kusoma huko vizuri sana na bado ukarudi kuomba kazi kwenye sosiyete ile ile ambayo ungeanza nayo bila kusafiri.

Mtandaoni ni nafuu, na kuna vyuo vya kweli kabisa vinavyofundisha fire science yote kwa intaneti. Ila hapa ndipo niliungua. Shule moja, jina silitaji, tovuti nzuri, picha za pompiye wa Kizungu wanacheka, “digrii kwa miezi sita, uzoefu wako unahesabiwa”. Nililipa awamu ya kwanza, pesa niliyokuwa nimeweka kwa bati za nyumba. Nikapeleka cheti changu cha nusu njia kwenye biro ya HSE, watu wa usalama kazini, dada mmoja pale akafungua kompyuta, dakika mbili, akanigeuzia skrini: shule haiko kwenye orodha yoyote. Wizara ya elimu ya Marekani iko na orodha ya vyuo vinavyotambuliwa, iko wazi kwa kila mtu, bure, unaandika jina tu. Dakika mbili, bana. Mke wangu mpaka leo mvua ikinyesha ananiangalia.

Kwa vyeti vya mikono angalia alama za IFSAC ao Pro Board, hao ndio wanakagua wanaotoa vyeti. Ukisoma “Firefighter I na II”, kipimo chake kilikuwa NFPA 1001, kanuni ya shirika la moto la Marekani, siku hizi kimeingizwa ndani ya NFPA 1010, usishangae ukiona namba zote mbili.

Kuna katikati

Na mimi hapa ndipo ningeweka pesa ya mtu ninayempenda. Afrika Kusini kuna SAESI, chama cha watu wa huduma za dharura, wanatoa Firefighter I na II na mambo ya kemikali hatari. Ni Kingereza, ndiyo, lakini unaweza kwenda kwa basi kupitia Kasumbalesa ukiwa na moyo wa safari, na unahesabu kwa wiki na miezi, si kwa miaka. Karatasi hiyo migodini wanaielewa, juu sehemu kubwa ya mabosi wa usalama wamepita Afrika Kusini ao Zambia.

Halafu kuna NEBOSH, Waingereza, tangu 1979, cheti cha jumla cha usalama kazini na kingine cha moto peke yake. Na IFE, chama cha wahandisi wa moto, pia Uingereza, tangu 1918, wana mitihani ya ngazi ngazi ambayo mtu anajisomea mwenyewe usiku baada ya zamu. Mimi niko huko sasa. Inachosha, usingizi unakuja ukurasa wa tatu, ila unasoma jambo usiku na asubuhi unaliona limesimama mbele yako kiwandani, na hiyo mwanafunzi wa chuo anayeanza na vitabu hana.

Wale wawili wa kinyume

Wa kwanza ni yule anayependa hesabu na hapendi moshi. Usicheke, wako. Mtu anayetaka kupanga springla za jengo, kukagua viwanda, kuchunguza moto ulianzia wapi, kubishana na watu wa asiransi. Huyo asipoteze muda na tuyo. Lakini hata yeye simpeleki fire science ya miaka minne. Aende UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, polytechnique ao kemia, asome kwa nguvu, kisha atazame master inaitwa IMFSE, uhandisi wa usalama wa moto, miaka 2, inaendeshwa pamoja na vyuo vya Ghent, Lund na Edinburgh, na kuna bursi za Erasmus Mundus ndani yake. Wanataka mtu aliye na msingi wa uhandisi, na masomo ni Kingereza. Ushindani ni mkali, dunia nzima inaomba. Ila mtu wa Lubumbashi aliyekua katikati ya viwanda vya shaba iko na kitu cha kuandika kwenye barua yake ambacho kijana wa Ulaya hana.

Wa pili ni yule ambaye tayari iko na karatasi za kukaa nje, baba yuko Marekani amemfanyia, ao ameshapewa ukaazi. Huyo hesabu yake ni nyingine. Aanze chuo cha mtaa cha miaka 2, cha bei ndogo, ambacho kinaunganisha darasa na akademi ya kikosi na kile cheti cha wagonjwa, na aombe kazi mapema wakati anasoma. Huko zaidi ya nusu ya pompiye ni wa kujitolea, kwa hiyo mtu anaweza kuingia kikosi cha kijiji akiwa bado mwanafunzi, akapata pumzi na vitabu kwa wakati mmoja. Ningekuwa na miaka 20 na karatasi hizo nisingekuwa hapa naandika.

Nilimtumia mtoto wa mama mdogo yote hii kwa vipande, sauti sita. Alijibu kesho yake mchana: “Yaya, na permi ya kamyo wanafundishia wapi?” Nikamwambia aje Jumamosi, ila asile asubuhi, juu nitamvalisha maski kwanza nione filimbi inalia dakika ya ngapi.